Kutoka Ubungo hadi Msamvu kwa miguu: mwongozo kamili wa matembezi ya kuchangisha fedha

Kutoka Ubungo hadi Msamvu, Morogoro, ni kama kilomita 185. Basi huzimaliza kwa saa tatu au nne, na treni ya SGR iliyoanza safari Juni 2024 hutumia chini ya saa mbili. Kwa miguu, mtu mzima mwenye afya aliyefanya mazoezi anahitaji siku nane za kutembea na moja ya kupumzika katikati. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzitembea siku hizo ili kuchangisha fedha za shule, zahanati au hospitali. Nimeichagua njia hii kwa sababu ina miji, gesti na zahanati kwa umbali unaobebeka, na mwisho wake kuna treni ya kukurudisha. Anayetoka Tanga kwenda Lushoto, au Nakuru kwenda Kisumu, atabadilisha majina ya vituo tu.

Nchi yetu imezoea kusema jambo kwa miguu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Vijana wengi walitembea mwaka huo kwa sababu hiyohiyo, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Mambo haya mawili yakumbukwe pamoja: matembezi yana nguvu ya kuwafikia watu, na yanaweza kuua.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu wengi hulifikia wakiwa wamechelewa. Watu hawachangi kwa sababu miguu yako inauma. Wanachanga wakijua fedha yao inakwenda wapi, ananunua nani, na nani atawaonyesha risiti. Kilomita zinakupa sababu ya kusimama mbele yao na kuomba. Kwa hiyo hatua tatu za mwanzo hapa hazihusu kutembea hata kidogo, na ndizo ninazokusihi usiziruke.

Hatua ya kwanza: tafuta kitu kimoja chenye bei

Usitembee "kusaidia watoto" wala "kuinua elimu". Nenda shuleni au zahanati, kaa na mwalimu mkuu au mganga mfawidhi, uliza wanapungukiwa nini ambacho bajeti yao haikifikii mwaka huu. Wakikutajia vitu kumi, waombe wachague kimoja. Kisha kitafutie profoma kwa wauzaji watatu, ujue bei ya kweli, pamoja na gharama ya kukisafirisha hadi mlangoni.

Tuseme shule inahitaji madawati 100 na fundi ametaja shilingi 90,000 kwa dawati. Hiyo ni milioni 9. Weka shilingi 250,000 za kuyasafirisha, unapata 9,250,000. Sasa gawanya kwa kilomita 185: kila kilomita inagharimu shilingi 50,000 kamili. Hesabu ikikaa hivi, mtu anaielewa papo hapo, hata ukimwambia mkiwa mmesimama kituo cha daladala.

Omba barua. Taasisi ikuandikie kwamba inafahamu matembezi yako, inakubali mchango huo, na itautumia kwa kitu kilichotajwa. Kwa shule ya serikali, mambo yapitie kamati ya shule na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, fedha isiingie mkononi mwa mwalimu. Kama unachangia shirika lisilo la kiserikali, omba kuona cheti cha usajili na uulize wanatoa taarifa ya fedha kila mwaka au la. Anayekasirika kwa swali hilo, usimtembelee kilomita hata moja.

Hatua ya pili: fedha isipite mfukoni mwako

Njia iliyo bora ni mchango kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya taasisi. Hospitali nyingi za umma zinaweza kutoa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na mtu analipia kwa simu yake. Ikishindikana, fungueni akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu, na angalau wawili wasaini kila fedha inapotoka. Lipa Namba nayo inafaa, ila mchangiaji anapoandika namba na jina kujitokeza kwenye simu, liwe jina la kikundi au la taasisi. Shangazi akiona jina lako wewe, hatasema kitu, ila atapunguza kiwango.

Mhazini asiwe mtembeaji. Awe mtu anayebaki nyumbani, anayeheshimika, mwenye muda wa kuandika kila senti kwenye daftari au jedwali la kompyuta: tarehe, jina, kiasi, namba ya muamala. Mtembeaji aliyechoka hawezi kuweka hesabu.

Gharama za safari zikae mbali kabisa na mchango. Gesti, chakula, mafuta ya bodaboda, plasta, nauli ya kurudi: hivyo vyote vitoke mfukoni mwako au kwa mfadhili anayejua kwamba analipia safari. Liseme hilo hadharani tangu siku ya kwanza: "Safari nimejilipia. Kila shilingi yako inakwenda kwenye madawati." Sijaona sentensi inayofungua mikono ya watu kuliko hiyo.

Kama unadhani hofu hii imezidi, tazama Uingereza. Mwaka 2020, mzee Tom Moore, askari mstaafu aliyekuwa anakaribia miaka 100, alizunguka bustani ya nyumbani kwake mara 100 akitaka kuchangisha pauni 1,000 za hisani za huduma ya afya. Zikaja zaidi ya pauni milioni 30, na fedha hizo zilifika zilikokusudiwa. Lakini taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake ilichunguzwa na tume ya serikali inayosimamia hisani, na ripoti ya Novemba 2024 ilikuta usimamizi mbovu na watu wa familia kunufaika. Mzee alikuwa ameshafariki. Sifa ya matembezi mazuri kiasi kile ikatiwa doa na mipaka isiyowekwa mapema.

Hatua ya tatu: uza kilomita kabla hujavaa viatu

Sehemu kubwa ya fedha itafutwe kabla ya kuondoka. Ukisubiri mpaka uwe njiani, utakuwa umechoka, simu haina chaji, na watu wameona picha zako wakadhani mambo yanajiendesha.

Anza miezi miwili kabla. Andika orodha ya kilomita 1 hadi 185 na uache nafasi ya jina mbele ya kila moja. Kila anayetoa 50,000 anachukua kilomita yake. Wanaoweza 10,000 waungane watano kwenye kilomita moja: darasa mliosoma pamoja, kwaya, kijiwe cha bodaboda, kikoba. Ukifika kwenye kilomita ya mtu, mpigie picha kibao chenye jina lake na umtumie palepale. Ni kazi ya nusu dakika, naye ataipeleka kwenye makundi yake yote.

Ujumbe wa kuomba uwe mfupi na ulingane na unayemwandikia. Kwa mkubwa wako:

"Shikamoo shangazi. Tarehe 4 Julai natoka Ubungo kwa miguu kwenda Morogoro, kilomita 185, kuchangia madawati 100 ya shule yetu ya msingi. Kilomita moja ni shilingi 50,000. Naomba unishike mkono kwa kilomita moja au nusu yake. Fedha inaingia akaunti ya kikundi, mhazini ni Mama Neema unayemfahamu, mimi siigusi. Safari najilipia mwenyewe. Orodha ya waliotoa nitakutumia kila Jumapili."

Kwa rika lako punguza adabu ongeza utani, lakini usiondoe akaunti, mhazini na Jumapili.

Ahadi ni jambo tunalolijua sote kutoka kwenye kamati za harusi: daftari linajaa, fedha inachelewa. Weka tarehe ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya kuondoka, na upange vikumbusho viangukie siku chache baada ya mishahara kutoka, si katikati ya mwezi. Kukumbusha afanye mhazini kwa simu ya sauti. Msikitini na kanisani kunasaidia sana, ila mwone imamu au mchungaji mapema, umwonyeshe ile barua, na umwachie yeye atangaze kwa maneno yake.

Mfano wa ombi lililoshika watu ni wa Kenya. Mwaka 2012 Zack Kimotho, aliyepooza kwa jeraha la uti wa mgongo, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Lengo lilikuwa shilingi milioni 250 za Kenya za kujenga kituo cha kurekebisha walioumia uti wa mgongo. Ombi kwa wananchi lilikuwa hili: "Changa kwa simu ili Zack arudi nyumbani." Mtu aliweza kulirudia baada ya kulisikia mara moja tu. Lako nalo liweze kurudiwa hivyo.

Hatua ya nne: tarehe, njia na vituo

Tembea kipupwe, kati ya Juni na mwanzoni mwa Septemba. Masika ya Machi hadi Mei yatakulowesha miguu, na miguu iliyolowa haifiki. Epuka wiki ya Nanenane mwanzoni mwa Agosti, kwa kuwa gesti za Morogoro hujaa wageni wa maonyesho. Ramadhani nayo iache ipite, hata kama wewe hufungi, kwa sababu wenyeji wako wengi wa Pwani watakuwa wamefunga.

Siku ya kwanza toka Ubungo kupitia Kimara, Mbezi na Kiluvya hadi Maili Moja, Kibaha, kama kilomita 25. Kipande cha Kimara hadi Kibaha kilipanuliwa kuwa njia nane, kina nafasi pembeni, lakini kina kelele na moshi. Siku ya pili Kibaha hadi Mlandizi. Mlandizi hadi Chalinze ni kama kilomita 50, usizimeze kwa siku moja: vuka Ruvu, lala Vigwaza penye mizani ya magari, kesho yake uingie Chalinze. Siku ya tano pumzika Chalinze. Baada ya hapo zimebaki kama kilomita 85, zigawe siku nne kwa kupitia Ubena Zomozi, Bwawani na Mikese, ambako milima ya Uluguru inakuwa imeshajitokeza mbele yako.

Morogoro ndiyo pawe mwisho. Ukitamani kuendelea Iringa, fahamu kwamba barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Kule kuna tembo, nyati na simba, na watu hawatembei kwa miguu. Kipande hicho utakipita kwa gari, na uwaeleze wachangiaji mapema.

Mwezi mmoja kabla, ipite njia nzima kwa bodaboda au gari. Andika gesti yenye maji na chandarua kila kituo, bei yake, zahanati iliyo karibu, choo cha heshima, mti wenye kivuli kila baada ya saa moja ya kutembea, na sehemu ambazo barabara haina bega la kutosha. Hospitali za kuziweka kichwani ni Tumbi pale Kibaha, ya wilaya iliyoko Msoga karibu na Chalinze, na ya mkoa Morogoro. Vipimo vya umbali vitakavyokuongoza ni vile ulivyovisoma mwenyewe kwenye dashibodi.

Hatua ya tano: barua za serikali

Sheria ya Tanzania inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi ya mkusanyiko au maandamano si chini ya saa 48 kabla. Hata kama mko watatu tu na hamna bendera, pelekeni barua, na msingoje hizo saa 48. Wiki tatu kabla ni vizuri zaidi. Itaje majina ya watembeaji, tarehe, vituo vya kulala, namba za simu na sababu, na iambatane na barua ya taasisi. Nakala ziende kwa mkuu wa usalama barabarani wa kila mkoa mtakaopita, yaani Dar es Salaam, Pwani na Morogoro, na kwa ofisi za wakuu wa wilaya. Mtembee na nakala zilizogongwa muhuri ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa msomaji wa Kenya, taarifa hiyo hupelekwa kati ya siku 3 na siku 14 kabla.

Kila kijiji mtakacholala, mtu wa kwanza kumwona ni mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Mgeni aliyejitambulisha analindwa na kijiji kizima.

Hatua ya sita: mazoezi ya wiki kumi na mbili

Pima kwanza presha na sukari, na umweleze daktari unachotaka kufanya. Mwenye kisukari anaweza kutembea, lakini kidonda cha mguu kwake ni hatari ya kweli, kwa hiyo asiondoke bila ushauri wa daktari wake.

Wiki mbili za mwanzo tembea kilomita 5, mara nne kwa wiki. Baada ya hapo ongeza jumla ya wiki kwa kama asilimia 10, na kila wiki ya nne punguza mwili upumue. Jumamosi iwe siku ya safari ndefu: 10, 12, 15, hadi 25. Kuanzia wiki ya saba, ongeza Jumapili. Kutembea kilomita 20 ukiwa umelala vizuri si kazi ngeni, ila kuamka kesho yake na misuli imekaza, uvae viatu vilevile na utoke tena, hilo mwili haulijui mpaka ufundishwe. Wiki mbili kabla ya safari punguza nusu, wiki ya mwisho tembea kidogo tu.

Fanya mazoezi kwenye lami, kwa viatu utakavyovaa, ukibeba mfuko utakaoubeba, saa zilezile utakazotembea. Kuzunguka uwanja wa mpira jioni hakumfundishi mtu jua la Vigwaza saa tano.

Hatua ya saba: miguu

Wengi wanaoacha njiani hawaachi kwa kukosa pumzi. Malengelenge ndiyo huwarudisha nyumbani. Hapa nitakawia.

Lengelenge linatokana na mambo matatu yakikutana: msuguano, joto na unyevu. Ukiondoa moja tu, umeshapunguza tatizo. Viatu viwe vya kutembelea au raba za kukimbilia, vikubwa kuliko vya kawaida kwa nusu saizi hadi saizi moja, maana mguu huvimba baada ya saa chache. Vinunue mchana au jioni mguu ukiwa umeshavimba, na soksi umevaa. Simama, sukuma mguu mbele: kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paingie upana wa kidole gumba cha mkono. Viwe vimeshatembea kilomita 100 za mazoezi kabla ya safari. Viatu vya mtumba vizuri vinafaa, ila chungulia soli ya ndani. Ikiwa imebonyea kufuata mguu wa mwenye kiatu wa kwanza, viache.

Soksi za pamba tupu hunywa jasho na kubaki mbichi. Tafuta zenye mchanganyiko wa nailoni au sufu laini, jozi tatu. Wengine huvaa mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi. Kucha zikate siku nne kabla, mkato ulionyooka, zisigonge ncha ya kiatu.

Asubuhi kabla ya kuvaa, paka mafuta ya mgando kwenye visigino, katikati ya vidole na chini ya unyayo pale panaposugua. Mapaja na kwapa pia. Kila baada ya saa moja na nusu keti kivulini, vua viatu na soksi, futa miguu, ianike dakika kumi, geuza soksi au badilisha. Utaona kama unapoteza muda, ilhali unaununua muda wa kesho.

Mara tu unapohisi sehemu inaunguza, simama hapohapo. Usiseme "nitafika pale kwenye mti". Kausha, bandika plasta pana bila makunyanzi, pembe zake zikiwa zimekatwa mviringo zisibanduke. Lengelenge likiwa limeshatokea na ni dogo, lifunike tu. Likiwa kubwa na linauma kwa kukanyagwa, nawa mikono kwa sabuni, safisha ngozi kwa spiriti, tumia sindano mpya iliyofungwa ya duka la dawa, toboa pembeni chini kabisa, kamua taratibu kwa kipande cha shashi. Ngozi ya juu usiichune, ndiyo bendeji yako. Funika, na uangalie jioni: wekundu unaotambaa, usaha au joto ni safari ya zahanati. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa.

Kuhusu dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku huku umekaukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Panadol kwa kipimo inatosha. Maumivu ambayo panadol haiyagusi, hasa mfupa wa mbele ya ugoko au goti lililovimba, yanakwambia pumzika.

Hatua ya nane: maji na chakula

Kunywa kidogokidogo tangu asubuhi, usingoje kiu ikushike. Mkojo wenye rangi ya maji ya limau ni salama, ukifanana na chai ya rangi umechelewa. Ila maji matupu mengi mno nayo ni hatari, hupunguza chumvi mwilini hadi mtu kichwa kikamuuma, akatapika na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo changanya. Kipimo cha nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, si vya kilima. Tengeneza lita mbili kila asubuhi, ubadilishane na maji ya kawaida.

Asubuhi kunywa uji wa ulezi wenye karanga, au viazi vitamu. Njiani kula ndizi mbivu, korosho, mayai ya kuchemsha, machungwa, na mananasi ya Kiwangwa yakipatikana. Mchana ukishafika kituoni, ugali au wali na maharage na mboga. Chipsi mayai za barabarani ziache mpaka Msamvu. Tumbo likiharibika siku ya tatu, siku ya nne hutembei.

Mwenzako akianza kuongea visivyoeleweka, kuyumba, au ngozi imekuwa ya moto sana, usimpe moyo aendelee. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, na bodaboda iondoke kutafuta gari la hospitali dakika hiyohiyo.

Hatua ya tisa: barabarani

Hii ni barabara ya malori ya Zambia na Kongo. Tembeeni upande wa kulia, mkiyaona magari yanayowajia usoni, mstari mmoja, nje ya mstari mweupe. Vizibao vya kuakisi mwanga vivaliwe muda wote, hata saa sita mchana. Spika za masikioni marufuku. Lori mbili zikipishana, shukeni kwenye majani mpaka zipite, kwa kuwa dereva anayekwepa mwenzake hana nafasi ya kukukwepa na wewe.

Anzeni saa 12 na nusu, kukishapambazuka, mfike kabla ya saa 6 mchana. Gizani msitembee, liwe la alfajiri wala la jioni. Kwa mwendo wa kilomita 4 hadi 5 kwa saa pamoja na mapumziko, kilomita 22 zinaingia ndani ya muda huo.

Gari la kuwafuata polepole nyuma silishauri hapa, linasababisha magari mengine kulipita vibaya na kuhatarisha wote. Bodaboda moja inatosha: inatangulia kilomita tatu au nne, inaegesha nje kabisa ya barabara, inawasubiri na maji, plasta na mfuko mzito. Mlipeni dereva kwa siku, na mchagueni mtu mzima asiye na haraka. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Mchana mkishapumzika ndipo kazi ya pili inaanza. Saa 10 jioni pitieni shule ya pale au soko, mzungumze dakika kumi, msipitishe kikapu kwa watu wenye dhiki kuliko wale mnaowachangia. Anayetaka kutoa, mpeni Lipa Namba. Fedha taslimu ikishindikana kukataliwa, iandikwe kwenye kitabu cha stakabadhi, iingizwe akaunti siku hiyohiyo kwa wakala. Saa 1 usiku mhazini atume taarifa kwenye kundi la wachangiaji: leo kilomita ngapi, fedha iliyoingia, jumla, iliyobaki. Kundi hilo wenye ruhusa ya kuandika wawe viongozi peke yao, pongezi zisizike hesabu.

Hatua ya kumi: baada ya Msamvu

Lala siku mbili, kisha urudi kazini. Ndani ya wiki mbili fundi alipwe kwa mkataba: nusu ya kuanzia, iliyobaki madawati yakishahesabiwa na kamati ya shule. Siku ya makabidhiano wapo mwalimu mkuu, mtendaji wa kata, mhazini na wachangiaji wanaoweza kufika. Shule isaini hati ya mapokezi yenye idadi.

Picha za watoto au wagonjwa zisitumike bila ridhaa ya wazazi au ya wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda jambo hili, na hata isingekuwepo, mtoto hapaswi kusambazwa kwenye simu za nchi nzima akiwa amekaa chini sakafuni. Piga picha ya dawati.

Ndani ya mwezi mmoja tuma taarifa ya ukurasa mmoja kwa kila aliyetoa, wa 2,000 kama wa 500,000: kilichoingia, kilichotoka, risiti, salio. Salio likiwepo, taasisi iandike inalitumiaje kwa kitu kinachofanana, na wachangiaji wajulishwe kabla halijatumika. Ahadi ambazo hazijalipwa mhazini azikumbushe mara mbili, kisha azifute kwenye orodha bila kumtaja mtu. Daftari, taarifa za benki na risiti vihifadhiwe na mhazini, na nakala zibaki ofisini kwa mwalimu mkuu, ili mchangiaji yeyote atakayekwenda kuziulizia azikute.